Jumamosi za Tata Nyokabi

Mjukuu wangu alikuja kunitembelea Jumapili moja akiwa ametoka kusukwa nywele. Aliingia jikoni, akainama kunisalimia, na mimi nikashika ukingo wa meza. Kichwa chake kilinukia mafuta ya mbarika. Siku hizi wasichana wanayapaka nywele, wanayanunua kwenye vichupa vidogo vyenye picha ya jani. Aliniuliza, "Cucu, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa, ni magoti tu. Lakini sikuwa jikoni kwangu tena. Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi za uwanja wa mpira kule Thika, miguu ya shangazi yangu iko mbele ya macho yangu, inang'aa mafuta hayo hayo, na yeye ananiambia, "Shika leso yangu, maitu. Usitoke hapa mpaka nirudi."

Kwetu shangazi tunamwita tata. Tata Nyokabi alikuwa dada mdogo wa baba yangu. Mimi nilipewa jina la mama yao, na ndiyo maana aliniita maitu, yaani mama yangu, ingawa ni yeye aliyenibeba mgongoni. Mama yangu mzazi nilimwita Mama tu. Sisi watatu tuliishi kwenye laini za wafanyakazi wa shamba moja la kahawa upande wa Gatongora, nje ya Ruiru, katika chumba kimoja chenye bati lililokuwa likilia mchana kwa joto. Nyinyi wa rika langu mnazikumbuka laini hizo. Bomba moja la maji kwa watu wote, nyapara anagonga chuma kabla ya jua, na kutoka kiwandani ile harufu ya maganda ya kahawa yakioza, tamu na chachu, ambayo ilikaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa. Majirani wengine walikuwa Wakikuyu kama sisi, wengine walitoka upande wa magharibi, na kwa hivyo kwenye bomba watu waliongea Kiswahili, kila mmoja kwa namna yake.

Baba hakuwepo. Aliondoka nikiwa bado mdogo sana, wakati wa ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni, na jina lake halikutajwa nyumbani kwetu. Nikiuliza, Mama alinipa kazi: nenda uchote maji, fagia hapo, kuku wako wapi. Nilichojua juu yake nilikiokota bombani. Jirani yetu Mama Atieno, mwanamke mnene na mpole, aliulizwa siku moja na mgeni mimi ni mtoto wa nani. Akajibu kwa sauti ya chini, "Ni wa huyo wa mlango wa mwisho. Baba yake alikimbia."

Mtu mzima angesikia jambo lingine. Mimi nilisikia kwamba baba yangu alikuwa mtu wa mbio, nikarudi nyumbani na kindoo changu nikiwa nimenyoosha shingo. Sikumwambia Mama kwamba nimejua. Niliona ni siri nzuri, na nikaona pia kwa nini Tata alikuwa vile alivyokuwa, maana kumbe ilikuwa katika ukoo wetu.

Kwa sababu Tata alikuwa anakimbia. Wachumaji wa kahawa walipelekwa mashamba ya mbali kwa trela la trekta, na trela halikumngoja mtu. Tata alikuwa anachelewa kila siku, kwa sababu hakukubali kuondoka kabla hajanipa uji. Trela likishaondoka ndipo alipofunga debe mgongoni kwa kamba, akanitazama machoni na kusema, "Angalia." Kisha anatoka. Debe lilikuwa linagonga mgongo wake kama ngoma, wanawake waliomo ndani ya trela wanacheka na kunyoosha mikono, na kabla halijafika kona ya kiwanda wamekwisha kumvuta juu. Mimi nilikuwa nafikiri kila mtoto ana shangazi wa namna hiyo.

Asubuhi moja kulikuwa na mwanamume mgeni amesimama mlangoni mwa kiwanda na spana mkononi. Alikuwa fundi wa mitambo kutoka kiwanda kimoja cha Thika, amekuja kutengeneza mashine ya kumenya kahawa. Jina lake Bwana Wafula. Aliona debe linapita na mtu yuko chini yake, akaweka spana chini, akamuuliza nyapara yule msichana ni nani. Jumapili iliyofuata alikuja kwetu amevaa koti na tai. Mama alidhani ni mtu wa kutaka mke, akampa kiti na kunyamaza.

"Mimi ninafundisha wafanyakazi mbio, kule Thika," Bwana Wafula alisema. "Wanaume ninao wengi. Wasichana ninao wachache, na hakuna hata mmoja ambaye anaweza kukamata trekta. Nimekuja kumuomba huyu, Jumamosi mchana."

Mama akajibu, "Bwana Wafula, nyakati hizi mtu akionekana anakimbia anapigwa risasi."

"Barabarani ndiyo. Uwanjani hapana. Uwanjani kuna mistari ya chokaa, kila mtu anaona mahali mtu anaenda."

"Na pasi ya kutoka hapa mpaka Thika?"

"Hiyo nitaongea na wakubwa wangu. Wanapenda kushinda."

Tata alikuwa amekaa kwenye kitanda ameangalia miguu yake, kama vile ilikuwa inazungumziwa miguu ya mtu mwingine. Mama akamuuliza, "Unataka?" Akasema, "Nataka." Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo juu ya kitu chochote. Sisi hatukuwa watu wa kutaka.

Hivyo zikaanza Jumamosi. Lori la shamba lilikuwa likipeleka kahawa Thika siku hiyo, na dereva alitupakia juu ya magunia. Ninasema alitupakia, kwa maana nilikwenda pia. Mama ndiye aliyeamua. Njiani kulikuwa na vizuizi, na homugadi, walinzi wa serikali wenye mikuki na bunduki, walikuwa wakiteremsha watu na kuwauliza maswali, lakini msichana mwenye mtoto hakusumbuliwa sana. Tata alionyesha pasi, mimi nilionyesha meno, tukaachwa tupite. Nilijiona kwamba mimi ndiye niliyempeleka.

Uwanja ule ulikuwa wa wafanyakazi, mkavu, wenye nyasi kando tu. Kutoka hapo ulisikia mashine za kiwanda, na upepo ukigeuka ulinusa mananasi yakipikwa. Bwana Wafula alikuwa na filimbi na kamba, na uso ambao haukucheka mpaka kazi iishe. Tata alitoa chupa ya mafuta ya mbarika ambayo Mama alimtengenezea, akajipaka kuanzia kifundo mpaka gotini, polepole. Siku za kwanza alikimbia na gauni alilolifunga kwa mshipi. Baadaye alishonewa kaptura, na siku aliyoivaa mara ya kwanza alikaa nyuma ya mti kwa muda mrefu kabla ya kutoka. Wanaume walikuwa tayari kucheka. Akatoka, akaenda moja kwa moja kwenye mstari, akainama.

Ningependa kuwaambia jinsi alivyokimbia, lakini nimejaribu mara nyingi na maneno yananikatalia. Juma lote pale shambani alitembea. Alijifunza kutembea taratibu kama mtu aliyebeba chungu kichwani, kwa sababu ya homugadi, kwa sababu ya nyapara, kwa sababu ya kila mtu mwenye bunduki aliyeweza kushtuka. Hata ile ya kufukuza trela alikatazwa. Kwa hivyo Jumamosi, filimbi ilipolia, haikuwa kama mtu anayeanza kufanya kitu. Ilikuwa kama mtu aliyeachiliwa. Kichwa chake hakikutikisika. Mikono ilikata hewa karibu na mbavu, na miguu sikuiona, niliona vumbi dogo dogo linaruka nyuma yake kama matone ya kwanza ya mvua. Halafu amefika ng'ambo, anarudi akitembea, mikono kiunoni, na uso wake una kitu ambacho sikukiona nyumbani. Nilikuwa namngojea arudi na leso yake mapajani, na moyo wangu ukitamani jioni isifike.

Alishinda wasichana wa Thika. Akapelekwa Nairobi, akashinda huko pia. Kisha Bwana Wafula akaja kwetu bila tai, akihema, akasema kwamba Nyokabi amechaguliwa kwenda kukimbia Kampala na wasichana wa Uganda na wa Tanganyika, na kwamba kifuani atavaa jina la Kenya.

Shida ilikuwa Baba. Serikali ilijua alikuwa nani. Wakubwa wa Bwana Wafula waliongea, kukawa na kwenda na kurudi, na mwishoni Jumamosi moja gari lenye spika juu ya paa lilikuja mpaka uwanjani. Akashuka Mzungu mmoja kijana, mwenye kaptura na soksi ndefu. Aliweka juu ya meza mashine ya kunasa sauti, yenye magurudumu mawili yanayozunguka pole pole. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa, na hakuna aliyenifukuza.

"Wewe utasema jina yako," alimwambia Tata kwa Kiswahili chake. "Utasema jina ya kaka yako, yule iko kambini. Utasema wewe nakimbia kwa ajili ya serikali, na serikali iko mzuri kwako. Basi. Halafu wewe nakwenda Kampala."

Tata alimtazama Bwana Wafula. Bwana Wafula alitazama kiatu chake.

"Nisiposema?" Tata akauliza.

"Basi nakwenda msichana mwingine."

Alisimama hapo kwa muda, mafuta yakikauka miguuni, na wasichana wengine wakijinyoosha kule kwenye mistari. Kisha akasogea kwenye mashine, akasema. Alisema kwa Kikuyu, akarudia kwa Kiswahili. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo siku zote, kama mtu mwenye mafua, na siku hiyo ilikwaruza zaidi. Alisema jina la Baba lote. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia likitamkwa kwa sauti kamili mchana, na mimi nilifurahi sana. Mnajua nilisikia nini. Bwana Wafula alikuwa amesema kwamba kabla ya safari wakimbiaji wote wataingia kambini Nairobi wakae pamoja wafundishwe. Na sasa Mzungu amesema Baba yuko kambini. Hapo nikawa sina shaka tena. Baba yangu alikuwa mkimbiaji mkubwa, yuko kambini na wenzake, na Tata anakwenda kumkuta.

Njia yote ya kurudi Tata alikuwa akitema mate pembeni mwa lori. Nyumbani alimweleza Mama, wakiongea kwa sauti ya chini mbele ya moto.

"Watamsikilizisha?" Mama aliuliza.

"Ndiyo kazi yake hiyo mashine."

"Akisikia atasema nini?"

"Atasema hana dada."

Mama aligeuza kijiti motoni. Hakumwambia asiende. Alisema tu, "Hilo koti langu la bluu ulichukue. Kampala sijui kama kuna baridi."

Siku ya kuondoka nilimpa Tata kiazi kitamu. Nilikuwa nimekioka mwenyewe kwenye majivu, nikakifunga kwa jani la mgomba. Nikamwambia, "Hiki ni cha Baba. Ukimpita njiani msimame kidogo umpe, halafu muendelee kukimbia." Mimi nilidhani watakwenda Kampala kwa miguu, kikundi kizima, wakipita mashamba na misitu.

Tata hakucheka. Alipiga magoti mbele yangu na koti la bluu limemzidi mabega, akakichukua kiazi kwa mikono miwili, akakiweka ndani ya mfuko wake juu ya viatu. Tulimsindikiza mpaka stesheni ya Ruiru. Treni ilipoondoka nilishangaa kwamba ameipanda, lakini nikajiambia pengine inampeleka mpaka mahali mbio zinapoanzia.

Sijui alikaa siku ngapi. Kwa mtoto zilikuwa nyingi. Kila asubuhi niliamka nikaenda kusimama kwenye kona ya kiwanda, nikiwatafuta watu wawili. Aliporudi alikuwa peke yake. Wanawake wa laini walimpokea kwa vigelegele, Mama Atieno akicheza na ndoo kichwani, maana habari ilikuwa imefika kabla yake. Alikuwa wa pili. Aliyemshinda alikuwa msichana mmoja wa Uganda mrefu kama mlingoti, na alimshinda kwa kifua tu. Mimi nilipita katikati ya magauni yao mpaka nikamfikia.

"Ulimpa?" nikamuuliza.

Alinichukua mkono, akanitoa pale, tukaenda mpaka kwenye mfereji wa maji nyuma ya kahawa. Tukakaa.

"Sikumwona, maitu. Nilikwenda na treni."

"Kiazi kiko wapi?"

"Nilikila. Tulikuwa tumefika Naivasha, wenzangu wamelala. Nilikila chote na maganda, na nikalia."

Halafu akaniambia. Kwamba kambi ya Baba si kambi ya mbio. Kwamba ina waya, na kuna mlango, na mlango unafungwa kwa nje. Kwamba alikwenda msituni kupigana na serikali, akakamatwa, na hakuna aliyejua atatoka lini. Aliniambia yote pole pole, akiangalia maji, na sikulia hapo hapo. Nililia baadaye, bombani, Mama Atieno aliponiita mtoto wa mkimbiaji akimaanisha Tata. Tangu siku hiyo neno hilo limekuwa na makali kwangu, na kumtamani Baba kukawa kitu kingine. Kabla ya hapo nilimtamani kama mtu wa hadithi. Sasa nilimtamani kama mtu aliyeshikiliwa mahali, ambaye pengine ana njaa.

Mwaka uliofuata wale wa Uganda na Tanganyika walikuja Nairobi, na Bwana Wafula akatuchukua mimi na Mama tukaone. Kulikuwa na watu wengi kuliko niliowahi kuona. Tata alikuwa mdogo sana kule chini, na yule msichana mrefu alikuwa kando yake. Mlio wa kuanza ukasikika. Mama alinishika bega akaniumiza, na hakuniachia mpaka uzi ulipokatika kwenye kifua cha Tata. Niliona alama za vidole vya Mama begani jioni yake. Tata aliitwa mbele, akapewa kikombe, bendi ikapigwa. Alisimama wima na mikono ubavuni, na macho yake hayakumwangalia aliyempa.

Ikaanza kusemwa kwamba atakwenda ng'ambo. Kulikuwa na mashindano makubwa Ulaya au mahali kama hapo, na timu ingekwenda na ndege. Tata alizidisha mazoezi. Alipata ruhusa ya kukimbia asubuhi kwenye njia ya katikati ya kahawa, nyapara mwenyewe akimlinda, na mimi nilimngoja mwisho wa mstari na leso. Alianza kuniuliza maswali ambayo mtu hamuulizi mtoto. "Maitu, unafikiri ndege inalala usiku?" "Unafikiri huko watu wanakimbia na viatu vya namna gani?" Nilimjibu kwa uangalifu mkubwa, kama vile niliwahi kufika.

Bwana Wafula ndiye aliyeleta habari. Alikuja na baiskeli kutoka Thika, na tulijua kutokana na alivyoiegemeza ukutani, kwa muda mrefu, kama mtu asiyetaka kumaliza. Timu ilikuwa imetajwa. Walikuwa wanaume watupu. Wakubwa walisema wasichana hawakufikiriwa, kwamba hakuna mahali pa kuwaweka wala mwanamke wa kusafiri nao. Pengine mara nyingine.

Tata alikuwa anaosha sufuria. Aliendelea kuiosha. "Mimi nimeshinda," alisema.

"Umeshinda," Bwana Wafula akasema.

"Nilisema kila kitu waliniambia niseme."

Bwana Wafula alivua koti, akainama kando yake, akashika sufuria nyingine, akaanza kuisugua na majivu. Mwanamume mzima, fundi, mbele ya majirani. Nafikiri ilikuwa siku hiyo Mama alipoelewa kwamba hakuwa amekosea ile Jumapili ya kwanza.

Walioana. Watu wengine wa kwetu walinung'unika kwamba ni mtu wa mbali, hajui lugha yetu, na kaka wa msichana hayupo wa kuulizwa. Mama aliuliza kama kuna mwingine aliyewahi kutuletea hata kikombe cha sukari, wakanyamaza. Tata alihamia Makongeni kule Thika, kwenye nyumba za wafanyakazi, na mimi nikabaki.

Nimepoteza watu wengi tangu wakati huo, na nimewazika kwa heshima. Lakini sijui kama nimewahi kumkosa mtu kama nilivyomkosa Tata Jumamosi zile za baada ya arusi. Lori la kahawa lilikuwa likipita pale pale, dereva akinipungia mkono, na mimi niko kando ya barabara sina mahali pa kwenda. Nilijipaka mafuta ya mbarika miguuni, nikasimama mwanzo wa mstari wa kahawa, nikakimbia. Sikuwa na mbio. Niligundua hilo mapema na kwa uchungu. Nilikuwa na miguu ya Mama.

Baba alirudi mchana mmoja wa kiangazi. Alikuja akitembea kutoka upande wa stesheni, na mfuko wa gunia, na Mama akaacha debe lake katikati ya mstari kahawa ikamwagika. Nilimsalimia kwa mkono. Alikuwa mtu mwembamba mwenye mvi, na nilipomwangalia niliona paji la uso la Tata, jambo ambalo lilinifariji kuliko kitu kingine. Alikuwa anakaa nje juu ya debe lililogeuzwa, haongei. Chakula alikila akiwa amekizungushia mkono. Mama alimweleza mambo yote ya miaka hiyo, moja baada ya jingine, na akifika kwa Tata alisema tu kwamba ameolewa Makongeni, yuko salama, ana mtoto. Baba hakuuliza neno. Nililala nikiogopa siku Tata atakapokuja.

Alikuja Jumapili na Bwana Wafula, na mtoto mgongoni. Alikuwa amenenepa kidogo, na amevaa lile koti la bluu. Bwana Wafula alisalimia, akaenda kusimama mbali kidogo kwa adabu. Tata alibaki amesimama mbele ya Baba. Hakuna aliyemwambia kaa.

"Ulisema jina langu," Baba akasema.

"Nililisema."

"Kwenye ile spika."

"Waliniambia nisipolisema sitaenda. Na mimi nilitaka kwenda."

Hakusema nisamehe. Nilikuwa nimemshika Mama gauni, nikaona kwamba mtoto mgongoni ameamka, anaangalia huku na huku.

"Tulikuwa kwenye foleni ya uji," Baba alisema. Aliongea pole pole, kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa umevunjika. "Spika ilikuwa juu ya nguzo. Wenzangu waliposikia walitema mate. Mimi pia nilitema, kwa sababu walikuwa wananiangalia." Akapangusa magoti yake. "Lakini tangu nishikwe sikuwa nimesikia habari ya mtu wangu hata mmoja. Nilikuwa nimewazika nyote, kichwani. Halafu nasikia hiyo sauti yako, ya mafua. Sikushika maneno. Nilijua uko hai. Na kama wewe uko hai kuna mtu anakupikia, kwa hivyo huyu naye yuko hai." Akamwonyesha Mama kwa kidevu. "Walirudia hiyo kitu siku nyingi. Wengine walikuwa wanaziba masikio. Mimi nilikuwa naingojea."

Tata alikaa chini, pale pale mavumbini, na koti lake. Kwenye laini mtu alikuwa anapasua kuni.

"Sasa nionyeshe," Baba akasema.

"Nikuonyeshe nini?"

"Hiyo mbio. Watu wote wa hapa wameiona. Mama Atieno ameiona. Mimi sijaiona."

"Niliacha. Nimezaa, si unaona mwili?"

"Mwili nimeuona."

Tata alimtazama Mama, kisha Bwana Wafula kule alikokuwa amesimama. Kisha akafungua kanga, akanipa mtoto. Alikuwa mzito na wa moto. Akavua koti, akavua viatu, akafunga gauni juu ya magoti, akaenda mpaka njia ya katikati ya kahawa, pale inapoanza kunyooka. Hakuna aliyepuliza filimbi. Aliinama, akakaa hivyo kidogo, na nikaona mgongo wake ukitulia.

Halafu akaondoka. Majani ya kahawa pande zote mbili yalikuwa meusi kwa jua, na yeye yuko katikati, kichwa hakitikisiki, vumbi linaruka nyuma yake. Watu walitoka milangoni. Mwanamume wa kuni aliacha kupasua. Tata alikwenda mpaka mwisho wa mstari, mdogo kabisa, akageuka, akarudi kwa kasi ile ile akija kwetu, uso wake ukikua, na katika uso huo kile kitu ambacho nilikuwa nimekisubiri Jumamosi zote hizo.

Alitupita, akasimama kwa shida, akarudi akishika ubavu. Mtoto alikuwa ameanza kulia. Tata alikaa chini, akamchukua, akampa ziwa huku bado anahema, na kichwa cha mtoto kikawa kinapanda na kushuka juu ya kifua chake.

Baba alikuwa amesimama. Sijui alisimama saa ngapi.

"Rudia," akasema.

"Ngoja kwanza anyonye," Tata akamjibu.

Basi tukakaa chini sote, na Bwana Wafula akaitwa aje akae, tukangoja.